Simu imejaa tena: ufute, uweke memori kadi, upeleke Google au ununue nyingine?

Shangazi yangu yuko Muheza, juzi kanipigia saa tatu usiku, nikamwamkia, akaitikia marahaba halafu akaingia moja kwa moja: "Mwanangu, hii simu inakataa kupiga picha, inasema memori imejaa, na mimi sijaweka kitu humu." Hiyo ya sijaweka kitu nimeisikia kwa watu wengi sana na naiamini kabisa, maana ni kweli hajaweka kitu kwa mkono wake, vitu vimeingia vyenyewe usiku na mchana kupitia magrupu, na simu yenyewe ni ya GB 32 ambayo mfumo wake peke yake umeshakula zaidi ya GB 10 kabla hata hajapiga picha moja.

Sasa ukiuliza watu utapewa majibu matano na kila mtu anaapa la kwake ndo lenyewe. Huyu anasema futa vitu, huyu nunua memori kadi, huyu weka kila kitu Google, mwingine hamishia kwenye fleshi au kompyuta, na dukani watakwambia simu imezeeka hii chukua mpya. Yote matano yanafanya kazi ila hayatibu ugonjwa mmoja, na nimeona watu wakipoteza hela, na kibaya zaidi wakipoteza picha ambazo hazitapigwa tena, kwa sababu wamechagua dawa kabla ya kujua wanaumwa nini. Kwahiyo ngoja niyapambanishe yote kama ninavyoyajua, uone lipi linakufaa wewe na simu yako.

Kwanza ujue nani kala

Ingia kwenye setingi, tafuta sehemu ya hifadhi au storeji, subiri ipige hesabu mpaka imalize. Itakuonyesha picha zimekula kiasi gani, video kiasi gani, programu kiasi gani, mfumo kiasi gani. Hapo usiharakishe, soma vizuri. Mtu ambaye video za kamera yake zimekula GB 40 na mtu ambaye WhatsApp imekula GB 14 wote wanaona ujumbe uleule wa memori imejaa lakini njia zao hazifanani hata kidogo.

Na kuna vitu vitatu vinavyojificha ambavyo ukivikosa utahangaika bure. Cha kwanza ni pipa la taka la galari, simu nyingi siku hizi ukifuta picha haiondoki, inakaa kwenye pipa siku 30 hivi ndo inafutika, kwahiyo mtu anafuta picha 500 halafu anaangalia nafasi iko palepale anaona simu imeharibika. Ingia kwenye galari utafute hilo pipa ulimwage. Cha pili ni RAM ya kuongezea (RAM ni memori ya muda ambayo simu inafanyia kazi, sio ile ya kuhifadhia vitu). Tecno na Infinix wanaiita MemFusion, Samsung wanaiita RAM Plus, ile inayofanya simu ya RAM GB 4 ionekane ina 8, hiyo ya nyongeza haitoki hewani, inakatwa kwenye storeji yako hiyohiyo. Kwa simu ya GB 256 hamna shida, ila kwa simu ya GB 32 au 64 kukatwa GB 4 ni kupunjwa, izime halafu uzime simu na kuiwasha, nafasi inarudi, na kwa simu nyingi za bei ya chini hutaona tofauti ya spidi maana storeji yao ni ya polepole, haiwezi kufanya kazi ya RAM ya kweli. Cha tatu ni vitu ulivyodaunilodi ndani ya programu zenyewe, nyimbo za Boomplay, video za YouTube, muvi za Netflix, hizi hazionekani kwenye galari wala kwenye mafaili ila zipo na ni nzito.

Kwa shangazi nilimwongoza kwa simu hatua kwa hatua (akiwa ameweka spika na mjukuu wake ndo anabonyeza) na jibu likatoka: WhatsApp GB 11. Kumi na moja kwenye simu ya 32.

Kufuta

Hii ndo njia ya bure na kwa watu wengi wa kwetu huku ndo ya kwanza kabisa, maana sisi maisha yetu yote yako WhatsApp, grupu la familia, grupu la kikoba, la wazazi wa shule, la mtaa, la msiba ambao uliisha tangu mwaka juzi na bado watu wanatuma salamu za asubuhi zenye maua. Kila picha ikitumwa na kama umeacha ijidaunilodi yenyewe basi inakaa kwako milele.

Usianze kufuta moja moja kwenye galari utachoka. Ingia WhatsApp yenyewe, setingi, sehemu ya hifadhi na data, halafu pale pa kudhibiti hifadhi, itakupangia grupu zote kuanzia iliyokula zaidi, na juu kabisa itakuwekea kundi la mafaili yanayozidi MB 5 na kundi la vitu vilivyofowadiwa mara nyingi. Hilo kundi la vilivyofowadiwa mara nyingi mimi nalifuta bila kulitazama mara mbili, sijawahi kujuta. Grupu ya kikoba ya shangazi peke yake ilikuwa na GB 6 za video za mahubiri na vichekesho, ndani yake kuna video ileile imetumwa na watu wanne tofauti.

Halafu kuna folda watu hawaijui, ndani ya mafaili ya WhatsApp upande wa video utakuta folda ya vilivyotumwa, kila video uliyowahi kumtumia mtu kutoka kwenye galari inawekewa kopi pale, kwahiyo video moja unayo mara mbili kwenye simu moja. Kwa anayefanya biashara kwa WhatsApp, anayetuma video ya bidhaa kwa wateja hamsini kwa siku, hapo ndo kuna mgodi. Kwenye Android za karibuni utaipata ukifungua programu ya mafaili, folda ya Android, kisha media, kisha ya WhatsApp.

Telegram ni rahisi zaidi na nashangaa watu hawaitumii hii nafasi. Vitu vyote vya Telegram, ukiondoa zile chati za siri, viko kwenye seva zao, simu yako inashika kopi tu, kwahiyo ukifuta kashe (ndo hizo kopi za muda) hupotezi kitu, ukitaka muvi yako tena unaidaunilodi tena (bando lako tu ndo litaumia). Ingia kwenye setingi zake uiambie ishike vitu siku tatu au wiki moja badala ya milele, basi imejisafisha maisha yake yote. TikTok nayo futa kashe kutoka ndani yake, ila angalia sana: drafti zako, zile video hujaposti, zinakaa kwenye simu, ukiiondoa programu au ukifuta data zake zimeenda.

Na hapo naomba nisimame kidogo maana watu wengi wanaumia hapa. Kufuta kashe na kufuta data ni vitu viwili tofauti, japo vibonyezo vyake vimekaa jirani. Kashe ni takataka za muda, ifute utakavyo. Data ndo kumbukumbu zote za programu na setingi zake, ukifuta data za WhatsApp inaanza upya kama umeinunua leo, na kama huna bakapu basi mazungumzo yako yamekwenda. Kwahiyo mtu akikwambia "ingia pale ufute" muulize ufute kipi.

Programu zinazojiita za kusafisha simu, zile zenye roketi na asilimia zinazopanda, achana nazo. Zinakaa kwenye memori hiyohiyo unayolalamikia, zinajaa matangazo, na kazi zinayofanya Files ya Google inaifanya bure na vizuri, inakutafutia mafaili yaliyojirudia, makubwa, skrinshoti za zamani, wewe unachagua tu.

Ubaya wa kufuta ni mmoja, unarudi. Usipozima ile ya kujidaunilodi yenyewe baada ya miezi mitatu utakuwa hapohapo. Na kama nafasi imeliwa na picha za wanao na sio takataka, basi kufuta sio jibu lako, usijilazimishe kuchagua mtoto yupi abaki.

Memori kadi

Wengi wanakimbilia hapa kwa sababu ni kitu unachokishika mkononi, unalipa mara moja, hakuna bando hakuna pasiwedi. Na kwa mtu ambaye nafasi yake imeliwa na picha na video za kamera, nyimbo na muvi, kadi ni dawa kweli, unaiambia kamera ihifadhi kwenye kadi moja kwa moja na umemaliza.

Lakini kadi haimsaidii mtu wa WhatsApp. WhatsApp haihamii kwenye kadi, inaendelea kumwaga kila kitu kwenye memori ya ndani, kwahiyo ungemnunulia shangazi kadi ya GB 128 angekaa nayo tupu huku simu bado inalia imejaa. Ungeweza kuhamisha mafaili kwa mkono kila wiki, ila kiukweli nani atafanya hivyo kila wiki.

Halafu kuna suala la laini. Simu nyingi zina matundu mawili ambapo la pili ni la laini au kadi, sio vyote. Kwetu huku mtu ana laini mbili sio kwa anasa, moja ina M-Pesa yake na nyingine ndo ya bando la bei nafuu au ndo iliyosajiliwa benki, ukimwambia atoe laini aweke kadi unamwambia achague kati ya picha na hela zake. Kabla ya kununua toa kile kitrei uangalie, kama kina nafasi tatu basi vizuri. Na simu nyingine tundu la kadi halipo kabisa, iPhone hazijawahi kuwa nalo, Samsung za S waliliondoa kuanzia S21 mwaka 2021.

Tuje kwenye feki. Kadi feki ni kadi ndogo iliyodanganywa ijitambulishe kuwa kubwa. Ukiichomeka simu inasoma GB 256 bila shida, unahifadhi, picha zinaonekana, unafurahi. Ndani yake kuna GB 8 tu. Zikijaa hizo 8, vinavyofuata vinaandikwa juu ya vya zamani au vinaandikwa hewani, na wewe utajua siku unafungua picha unakuta ya kijivu haifunguki. Nimepita humu. Mwaka 2019 nilinunua kadi kwa bei iliyonifurahisha, nikahamishia picha zote za mwanangu za mwaka wake wa kwanza, nikafuta kwenye simu, na baada ya kama miezi minne nikabaki na chache tu zinazofunguka. Sikuwa na kopi nyingine. Mpaka leo nikiona mtu anahamisha picha kwenye kadi mpya bila kuipima roho inaniuma.

Kuipima ni rahisi, kwenye kompyuta ya Windows kuna kiprogramu cha bure kinaitwa H2testw, kwa Linux na Mac kuna F3, kinaijaza kadi yote halafu kinasoma kilichoandikwa, kikikuta pungufu kinakwambia. Inachukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, acha usiku kucha. Fanya hivyo siku uliyonunua ukiwa bado na risiti. Na kadi ya TB 2 inayouzwa bei ya chakula cha mchana usihangaike hata kuipima.

Ukichagua kadi angalia alama ya A1 au A2, hizo zinahimili kufungua programu, na U3 kama unarekodi video za 4K, zile za ubora wa juu sana. Android tangu toleo la 6 la mwaka 2015 zinaweza kuigeuza kadi iwe sehemu ya memori ya ndani, japo Samsung kwa kawaida hawana hiyo. Inavutia ila mimi simshauri mtu, kadi ikishafomatiwa hivyo inafungwa kwa siri na simu hiyo tu, haisomeki kwingine, simu ikifa na kadi imekufa nayo, na kama kadi ni ya polepole basi simu nzima itakuwa ya polepole.

Kupeleka Google

Hapa faida kubwa hata sio nafasi, ni wizi. Mtu amekaa kwenye bajaji anajibu meseji, bodaboda inapita, simu imekwenda. Aliyeweka kadi kapoteza simu na kadi yake, na kadi ya kawaida aliyeichukua anaichomeka popote na kuona kila kitu. Aliyepeleka picha Google anainunua simu nyingine, anaingia kwenye akaunti yake, picha zake hizi hapa. Hakuna njia nyingine kati ya hizi tano inayokupa hiyo bila wewe kufanya kitu.

Unapewa GB 15 bure, ila hizo 15 zinagawanywa na picha, imeili na mafaili ya Drive, zote chungu kimoja. Wale wa zamani watakumbuka picha zilikuwa bila kikomo, hiyo iliisha tarehe 1 Juni 2021. Na bakapu ya WhatsApp ya Android ambayo zamani haikuhesabiwa, kuanzia 2024 inahesabiwa humohumo, kwahiyo mtu mwenye WhatsApp ya GB 11 na video zimewashwa kwenye bakapu amebakiwa na GB 4 tu za picha. Ukijaza zote 15 hata imeili hazipokelewi, na nafikiria mtu aliyetuma maombi ya kazi anasubiri kuitwa kwenye usaili na hajui kwamba imeili zinagonga mwamba. Kwahiyo ingia kwenye bakapu ya WhatsApp uzime video, na picha za Google chagua ile ya kubana ukubwa, picha inashushwa mpaka megapikseli 16 ikiwa imezidi, video mpaka 1080p, kwa macho ya kawaida huoni tofauti.

Gharama yake halisi ni bando. Kupandisha GB 12 kwa bando la simu ni hela, na kwa mtandao wa huku kwetu jioni unaweza kukaa siku tatu. Iwekee ipandishe kwa waifai tu, halafu tafuta waifai ya ofisini au ya ndugu ulale nayo usiku mmoja. Ukiishiwa na hizo 15 kuna kulipia GB 100 kila mwezi, na hapo ujiulize kama utalipa kila mwezi miaka yote, maana ukiacha kulipa na umezidi kiwango picha mpya hazipandi tena, na ukikaa umezidi miaka miwili wanaweza kufuta. Akaunti ambayo haijaguswa miaka miwili nayo inaweza kufutwa, kwahiyo ile akaunti uliyofunguliwa na fundi siku ya kununua simu na hujui pasiwedi yake, anza kuishughulikia leo.

Sasa mtego mkubwa kuliko yote. Kupandisha picha Google hakufungui nafasi kwenye simu, picha inakuwa huku na huku. Watu wakiona hivyo wanaingia kwenye programu ya Picha za Google wanazifuta humo wakijua "si ziko Google". Hapana, ukifuta humo unafuta kote, kwenye simu na kule juu. Iliyopandishwa inakaa kwenye pipa siku 60 halafu basi. Njia sahihi ni kubonyeza picha yako ya akaunti, kuna sehemu ya kufungua nafasi kwenye kifaa, hiyo inaondoa za kwenye simu zilizokwisha kupanda tu. Na kabla hujabonyeza hakikisha pameandikwa bakapu imekamilika. Jambo jingine, inapandisha folda ya kamera tu, ukitaka picha za WhatsApp nazo zipande uiwashe folda yake mwenyewe.

Wenye iPhone mambo yanafanana ila nyinyi bure ni GB 5 tu za iCloud, na iCloud ni kioo, ukifuta kwenye simu inafutika na kule. Washa ile ya kubana picha ndani ya simu, inaacha kivuli kidogo kwenye simu na picha yenyewe kubwa inakaa juu. Na kama unarekodi sana angalia setingi za kamera, kwa hesabu za Apple wenyewe dakika moja ya 1080p ya fremu 30 inakula kama MB 60 na ya 4K kama MB 170, kwahiyo sherehe ya saa moja kwa 4K ni GB 10 zimekwenda. Video ya kutuma WhatsApp haihitaji 4K.

Fleshi na kompyuta

Hii haizungumzwi sana na mimi naipenda kuliko zote kwa mtu asiye na waifai. Fleshi zenye kichwa cha Type-C upande mmoja na USB ya kawaida upande mwingine zinauzwa Kariakoo na kwingineko, unaichomeka kwenye simu kama chaja, inafunguka, unahamisha. Kama simu ni ya Type-C na inakubali OTG (uwezo wa simu kusoma fleshi) hiyo imetosha. Simu nyingine kama za Oppo hiyo OTG uiwashe kwenye setingi kwanza na inajizima yenyewe baada ya dakika chache, watu wanadhani fleshi ni mbovu. iPhone kuanzia 15 zina tundu la Type-C nazo zinakubali.

Ukilinganisha na kadi: fleshi haili tundu la laini, inafaa kwenye simu zisizo na kadi, simu ikiibwa fleshi iko nyumbani kabatini, na folda ya WhatsApp unaimwaga yote kwa mara moja. Ukilinganisha na Google: hakuna bando, hakuna malipo ya mwezi, ila usipokumbuka mwenyewe hakuna atakayekukumbusha. Feki zipo vilevile, zipime vilevile. Kama imefomatiwa FAT32 faili moja likizidi GB 4 linakataa, ifomati iwe exFAT. Mwenye laptopu au eksteno (diski ya nje) anafanya hivyohivyo kwa waya, na hapo nafasi ni kubwa zaidi.

Kitu kimoja tu, usitumie "hamisha", tumia "kopi". Kopi, fungua picha kadhaa na video mbili tatu kutoka kwenye fleshi yenyewe uone zinacheza, ndo ufute kwenye simu. Waya ukichomoka katikati ya kuhamisha unaweza kubaki huna huku wala kule.

Simu mpya

Hii niifupishe. Kama setingi zinaonyesha mfumo na programu za lazima zimekula karibu yote na picha ni kidogo tu, umeshafuta, umezima RAM ya kuongezea, na bado kila wiki inagoma kusasisha WhatsApp, basi simu ya GB 16 au 32 imefika mwisho na hakuna kadi itakayoisaidia. Storeji ikibaki kidogo sana simu inakuwa nzito kwa sababu haina pa kupangia vitu vyake, hilo utaliona kwa macho, mimi najitahidi ibaki angalau GB 4 au 5 tupu muda wote. Ukinunua, kati ya kamera nzuri kidogo na GB 128 badala ya 64 chukua GB 128, na ukiambiwa dukani "RAM 16" uliza ngapi ni za kweli. Wapo mafundi wanaobadilisha memori ya ndani kwa kuchomelea, hasa za iPhone, inawezekana ila vitu vyote vya zamani lazima uvitoe kwanza na ukikosea kuchagua fundi umepoteza simu.

Kwahiyo wewe uchukue ipi

Kama umekuta WhatsApp ndo mlaji, futa, na uzime kujidaunilodi, hela yako usiitoe. Kama ni picha na video zako mwenyewe na una waifai ya kudumu, Google, na ukikaribia 15 ndo ufikirie kulipia au kupeleka za zamani kwenye fleshi. Picha zako na huna waifai, fleshi ya Type-C. Unasikiliza sana nyimbo na muvi, trei ina nafasi tatu, chukua kadi ila weka humo vitu unavyoweza kuvipata tena, sio picha za harusi. Unauza bidhaa kwa stetasi, safisha ile folda ya vilivyotumwa kila mwisho wa mwezi na picha za bidhaa zako zote ziwe na kopi Google, maana simu ikiibwa duka limeibwa. Na picha ambayo ukiikosa utalia, hiyo iwe sehemu mbili, usiniulize kwa nini, nimeshakwambia ya mwanangu.

Kwa shangazi kadi haikuwezekana, trei yake ni ya laini mbili. Waifai Muheza hana. Nilipanda basi Jumamosi, nikaenda na fleshi mbili nilizokwisha kuzipima. Kabla ya kufuta chochote tulikaa sebuleni tukapekua ile WhatsApp, na katikati ya video za kikoba na maua ya asubuhi tukakuta picha saba za marehemu mume wake alizotumiwa na shemeji yake siku za ugonjwa, hakujua hata kama bado zipo, hazikuwa kwenye galari wala popote pengine. Tukazikopi kwenye fleshi zote mbili na kuzifungua moja moja kuhakikisha. Halafu ndo nikafuta GB 8, nikazima ile RAM ya kuongezea ikarudisha 2 nyingine, nikazima kujidaunilodi. Fleshi moja iko kwenye kabati lake pamoja na vyeti, nyingine nimerudi nayo Dar.